Ungo wa Mlonge Juu ya Kabati

Wivu wangu kwa dada ulianza zamani, lakini siku niliyoukubali ilikuwa ile niliyochuchumaa bandani, mikono juu ya magoti, nikilinganisha kinyesi cha kuku wake na cha kuku wangu. Cha kuku wake kilikuwa kikavu, kina umbo lake, na juu kina weupe kidogo kama chokaa. Cha kuku wangu kilikuwa uji. Ndani ya uji huo niliona chembe za mahindi zimetoka kama zilivyoingia, na utelezi wa rangi ya chungwa uliokuwa umeshikana na maranda. Kati ya uji wangu na ukavu wake palikuwa na wavu mmoja tu wa waya.

Nina shahada ya sayansi ya wanyama. Dada aliishia kidato cha nne. Nayaandika haya mapema kwa sababu wakati ule ndiyo niliyokuwa nikijiambia kila asubuhi, na kila asubuhi yalikuwa yakiniumiza zaidi badala ya kunituliza.

Ninaposema dada, ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake Mama aliyekuwa akiishi Kidahwe. Mama mkubwa alipofariki, dada aliletwa kwetu Katubuka, hapa Kigoma. Alikuwa na miaka kumi, mimi tisa. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo, akapewa nusu ya kitanda changu na nusu ya kabati. Alimwita mama yangu "Mama mdogo", kama inavyopasa, na hilo nililivumilia. Halafu nikaenda chuo, upande mwingine wa nchi, na niliporudi nilikuta lile neno "mdogo" limeshaanguka njiani. Anaita "Mama", Mama anaitika. Hakuna aliyenieleza lilianguka lini. Sikuuliza, maana swali lenyewe lingenionyesha nilivyo. Lakini nililifikiria nikifua, nikipika, nikiandika barua za kuomba kazi ambazo kwa miaka miwili hazikuwa zimejibiwa. Na Mama akiita uani, "Mwanangu!", bila kusema yupi, nilikuwa nakimbia ili nifike wa kwanza.

Banda la kuku ndilo lililotulea. Mama alilijenga nyuma ya nyumba, matofali chini, wavu juu, na ndilo lililonipeleka chuo. Mwaka huo magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Vifaranga walipofika, mia mbili ndani ya maboksi, alituita sote wawili tukasimama mbele yake kama watoto wa shule.

"Mimi kuinama kwenye vyombo vya maji basi," alisema. "Hawa kila mtu achukue mia. Dagaa mtanunua pamoja, lakini kila mtu achanganye chakula chake kwa akili yake. Wakifika wiki sita nitaingia mwenyewe nitazame. Nitakayemwona anajua kufuga, banda ni lake."

"Na mwingine?" niliuliza.

"Mwingine atamsaidia mwenzake, au atatafuta shughuli yake. Kugawana sitaki. Mkigawana mtagombana, nawajua."

Dada alicheka. "Mama, hapo si umeshampa profesa? Mimi nitashindana vipi na mtu aliyesoma utumbo wa kuku miaka mitatu?"

Alisema kwa utani. Mimi nilikaa na utani huo siku nzima. Anasema hivyo ili nikishindwa aibu iwe kubwa zaidi? Au ameshajua nitashindwa? Kama mimi, niliyesoma kuku darasani, nitashindwa na kuku wa nyumbani kwetu, mbele ya mama yangu, basi nilikuwa nimeenda kusoma nini? Na nikishindwa, nitakuwa nani katika nyumba ile? Nilitaka banda kwa sababu lilikuwa kazi pekee iliyokuwa mbele yangu. Nilitaka pia, na hili sikulisema kwa mtu, Mama anichague mimi.

Basi nikachukua daftari. Nilipanga mchanganyiko kwa mahesabu: mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, chumvi, chokaa, virutubisho vya dukani. Dagaa niliwaweka wengi kuliko inavyoshauriwa, kwa sababu nilitaka kuku wangu wakue haraka wawapite wa kwake mapema, ili Mama aizoee picha hiyo.

Tulikwenda pamoja Kibirizi, ufukweni wanakoanika na kuuza dagaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na dagaa walikuwa wameanikwa, wakanyeshewa, wakaanikwa tena. Mama mmoja muuza dagaa alitusalimu, "Mwakeye," kisha akatufungulia viroba viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, dagaa wake wekundu kidogo, kama wameshikwa na kutu. Kingine kilikuwa nusu, dagaa wake weupe.

"Hawa wengi ni wa kuku," alisema akigusa kile kilichojaa. "Mvua iliwakuta kwenye vichanja. Hawa weupe ndio waliobaki wa kabla ya mvua, ila siwezi kuapa kwamba wote hawakupata tone."

Dada alichukua dagaa mmoja mwekundu, akamvunja kichwa, akamsugua kati ya vidole, akanusa, kisha akamgusisha kwenye ncha ya ulimi. Alitema pembeni.

"Mdogo wangu, hawa mafuta yamechacha. Tugawane hao weupe."

"Weupe hawatutoshi."

"Si tuweke kidogo kidogo?"

"Protini haiondoki kwa kunyeshewa," nilimjibu. Na ni kweli, kwa kiasi kikubwa haiondoki. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilikosea nikiwa na jibu sahihi la swali jingine.

"Mimi sijui protini," dada alisema. "Mimi najua hawa wananuka rangi ya mlango."

Muuza dagaa akacheka. "Huyu wako ana pua ya paka."

Wote wawili wakacheka, nami nikafikiri: anaogopa. Ameona hesabu zangu, anataka nipunguze dagaa ili kuku wangu wasiwapite wake. Nikabeba kiroba kilichojaa. Yeye akachukua kile nusu. Tukiwa kwenye bajaji tukirudi, kiroba changu kilikuwa miguuni, na harufu ilikuwa inapanda, kweli kama rangi ya mlango. Nikajiambia dagaa wote hunuka.

Wiki ya pili kuku wangu walikuwa wakubwa kuliko wake. Mama alichungulia akasema, "Hawa wako wana haraka ya kwenda wapi?" Nilifurahi kiasi cha kuona aibu. Nilikuwa nikienda bandani mara kumi kwa siku, si kuwatazama wangu, bali kuwatazama wa dada na kuona kama bado ni wadogo. Yeye alikuwa akipiga mluzi akiosha vyombo vya maji. Mluzi ule nao ulinikera. Mtu anayeshindwa anapiga mluzi kwa nini?

Wiki ya tatu ukaja ule uji.

Kwanza niliamini ni koksidia, ugonjwa wa vidudu vya utumboni, maana ndiyo anayoifikiria kila mtu kuku wakihara. Nikanunua dawa, nikawawekea kwenye maji siku zilizoagizwa. Hakuna kilichobadilika. Nikafikiri ni maji. Nikafikiri ni maranda. Nikafikiri ni joto, mahali pa banda, upande wa jua. Labda dada alichagua upande wa kivuli kwa makusudi. Niliandika sababu kumi na moja kwenye daftari na dagaa hawakuwemo hata moja. Kuku wangu wakaanza kusimama na mabawa yaliyolegea, manyoya ya nyuma yamelowa. Walikuwa wanakula kwa pupa na hawaongezeki.

Upande wa pili wa wavu, kuku mia wa dada walikuwa wanajaa vifua.

"Njoo uone miguu ya kuku wa mwenzio," Mama aliniita siku moja. "Manjano kama papai lililoiva."

Nilikwenda nikaona. Nilisema, "Wazuri." Neno hilo lilitoka kwa shida kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Siku hiyo nilijibanza jikoni dada alipokuwa akichanganya chakula. Alimimina paraza, pumba, mashudu. Aliweka dagaa wake, konzi chache tu. Halafu akachukua kopo akatia unga wa kijani uliokolea, kiganja kimoja kwa debe zima. Mwisho akamwagia vijiko vya mawese mekundu aliyonunua kwa akina mama wa Ujiji, akachanganya kwa mikono mpaka chakula kikapata rangi ya udongo wa barabara ya Kasulu.

Mlonge. Ulikuwa umesimama nyuma ya bafu letu tangu sijazaliwa. Niliwahi kuusoma hata darasani: majani yake yana viini wanavyoviita viondoasumu, vile vinavyozuia mafuta yasichache na kuzuia mwili usiharibiwe na kilichokwisha kuchacha. Mawese nayo hayapati wekundu wake bure, wekundu ule ni viini vya jamii hiyo hiyo. Nilijibu swali zima kuhusu jambo hilo, nikapata alama nzuri, nikalisahau.

Mtu mwenye moyo safi angekwenda kumwambia, "Dada, nigawie na mimi." Mimi nilisubiri aende sokoni. Nikafunga kanga kiunoni, nikapanda mlonge, nikauvua majani yote. Niliyohitaji yalikuwa matawi mawili matatu. Nilivua yote. Wakati ule nilijiambia nataka akiba ya kutosha. Nilipokuwa juu kabisa, nikinyoosha mkono kwenye tawi la mwisho ambalo halikuwa na majani hata ya kujaza kikombe, nilijua sababu. Nilitaka asibakiwe na kitu.

Kisha nikayaanika. Na hapa nikafanya kosa ambalo labda linaweza kufanywa na mtoto wa Kigoma tu. Kwetu kukausha ni jua. Tangu nikiwa mdogo nimeona dagaa wakiwekwa juani, na jua likiwa kali zaidi ndipo dagaa wanapokuwa bora. Nilitandaza majani juu ya bati lililokuwa limeegemezwa ukutani, jua la mchana likayapiga, na kabla ya saa kumi yalikuwa yanavunjika. Nilijipongeza kwa haraka hiyo. Yalikuwa na rangi ya nyasi za paa. Nikayatwanga kwenye kinu, nikaweka viganja vitatu kwa debe, kwa sababu dada aliweka kimoja.

Kuku walionja wakatikisa vichwa. Wakachakura, wakamwaga, wakala kidogo kuliko jana yake. Uji uliendelea.

Dada aliuona mti jioni ya siku ileile niliyouvua. Aliingia jikoni akiwa na beseni tupu.

"Mbuzi wa jirani wamemaliza mlonge wote! Hakuna hata jani."

Mama alikuwa anakoroga maharage, hakugeuka. "Mbuzi gani huyo anayepanda mti?"

"Basi watoto."

"Labda," alisema Mama, akaendelea kukoroga.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nilichambua mchele ule mpaka mawe yote yakaisha nikaanza kutupa mchele.

Siku mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilikuta kuku wangu mmoja amekufa. Nilimleta uani, nikaweka ubao, nikachukua wembe. Hilo angalau nililijua. Mama alivuta kigoda akakaa. Dada akasimama nyuma yangu. Nilipasua, nikautoa utumbo, nikaunyoosha juu ya ubao. Ulikuwa mwembamba, mwekundu mwekundu, umejaa maji na gesi, na nilipoupasua kwa urefu ulichanika wenyewe kama karatasi iliyolowa.

"Ndiyo unatakiwa kuwa hivyo?" dada aliuliza.

"Sijui. Ningekuwa na mzima wa kulinganisha ningejua."

Sikusema kwa kuomba. Nilikuwa nasema tu. Dada aliingia bandani, upande wake, akatoka na kuku amemshika mabawa, mkubwa, mzito, yule ambaye Mama alimsifia miguu.

"Chinja huyu."

"Dada, huyo ni mmoja wa mia zako."

"Kwani mia zitanilalamikia? Chinja tuone. Na mchana tutamla."

Nilimchinja. Mtu niliyemvulia mti wake alikuwa amenipa kuku wake bora zaidi, bila hata kufikiri, na badala ya kushukuru nilihisi wivu mpya, mbaya kuliko wa kwanza: hata kwa moyo amenipita.

Utumbo wa kuku wake ulikuwa mnene, wa waridi, umekaza. Nilipoupasua, ndani palikuwa kama taulo jipya, vijinyuzi vidogo vidogo vimesimama vimesongamana. Wa kwangu ulikuwa kama taulo lililofuliwa miaka kumi, limebaki kitambaa kitupu. Nilipitisha kidole kwenye mmoja, kisha kwenye mwingine. Kisha nikapasua firigisi ya kuku wangu, nikanusa, na chini ya harufu ya damu, kwenye chakula kilichokuwemo, nikaipata. Rangi ya mlango.

"Ni dagaa," nilisema.

Nikaendelea, na maneno yakaanza kutoka kama maji. Niliwaeleza kuwa dagaa ana mafuta mengi, na mafuta yake ni ya haraka kuharibika. Akinyeshewa, akikaa, mafuta hukutana na hewa yakageuka kitu kingine. Kuku akila kitu hicho, wa kwanza kukutana nacho ni utumbo. Vile vijinyuzi ndivyo vinavyonyonya chakula. Vikiunguzwa, chakula kinapita tu. Ndiyo maana walikula bila kunenepa. Ndiyo maana dawa haikufanya kitu, hapakuwa na mdudu wa kuua. Na mlonge na mawese vilikuwa vinakaa katikati, vinapokea kile kipigo kabla hakijaufikia utumbo.

Mama alikuwa ananisikiliza kinywa wazi kidogo. Hakuwa amewahi kunisikiliza vile tangu nilipohitimu.

"Mimi sikujua yote hayo," dada alisema. "Marehemu mama alikuwa anawapa kuku dagaa waliobaki, wakiharisha anawawekea mlonge na mashapo ya mawese. Nikaona niwape tu kabla hawajaharisha. Lakini dagaa nilikwambia, mdogo wangu. Pale pale Kibirizi nilikwambia."

"Uliniambia."

"Uliponijibu mambo ya protini, nikasema labda shuleni wanafundisha hata waliochacha wanafaa. Nilidhani unajua."

"Na mimi niliweka mlonge," nilisema haraka, kabla sijajizuia. "Haukusaidia."

"Wewe? Ulianika wapi?"

"Juani. Juu ya bati."

Akapiga makofi mara moja kwa mshangao. "Juu ya bati! Kama dagaa! Yaani umeuchoma. Majani yale yanakaukia ndani, kivulini, siku nne tano, yabaki kijani. Si huwa nayaweka kwenye ungo juu ya kabati letu? Wewe si ndiye unayelalamika kila siku chumba kinanuka majani?"

Ndiyo, mimi ndiye. Siri yote ilikuwa juu ya kabati ambalo nusu yake ni yangu, ndani ya ungo nilioulalamikia na mara moja kuusukuma kwa mpini wa fagio.

Alikuwa hajauliza nilipata wapi majani. Nilisubiri aulize. Mama alinyanyuka na kigoda chake akasema maji ya kunyonyolea kuku yanachemka.

Mchana huo tulimla kuku wa dada. Alikuwa mtamu.

Nilimwaga dagaa wangu wote shimoni, nikaweka mashudu mengi zaidi na mawese kidogo. Kinyesi cha kuku wangu kilianza kukauka, taratibu, ila siku walizopoteza hawakuzirudisha. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Unga wa mlonge wa dada ulikuwa unaisha. Alianza kupunguza, nusu kiganja, kisha robo. Hata kile kiroba chake cha dagaa weupe kilikuwa kimeanza kupata harufu kwa mbali, maana unyevu wa msimu ule haukumwacha mtu.

"Profesa," aliniita, "mlonge umeisha na mpaka niende Kidahwe nikachume na uje ukauke, wiki imekwisha. Hakuna jani jingine?"

Lilikuwepo. Mpera ulikuwa kwenye kona ya uzio, hatua ishirini kutoka mahali tuliposimama. Majani yake yana viini vya aina hiyo, na watu wa kwetu huyachemsha kwa ajili ya tumbo la kuhara. Nililijua jibu kabla hajamaliza swali.

"Ngoja nifikirie," nilisema.

Nikafikiria siku ya kwanza. Nikafikiria ya pili. Nilijipa sababu: mpera sijaupima kwa kuku, kipimo sikijui, nikikosea atasema nimemharibia. Zote zilikuwa sababu za kisomi, na zote zilikuwa uongo. Siku ya tatu nilipita upande wake wa banda nikaona, karibu na chombo cha maji, kinyesi kimoja chenye majimaji. Kimoja tu. Na kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa furaha.

Furaha ile ilinitisha. Ilikuja yenyewe, haikuomba ruhusa, kama mtu aliyezoea kuingia nyumba ile. Nilisimama pale nimeshika wavu, kuku wa mtu aliyenitolea kuku wake bora wananitazama kwa jicho moja moja, na nikajua kwamba nikikaa kimya siku chache tu naweza kulipata banda. Mama angeingia, angekuta wote wawili tumeharibu, na kati ya walioharibu angemchagua aliyejua sababu.

Siku ya nne asubuhi nilimkuta dada anafua.

"Majani ya mpera," nilimwambia. "Machanga. Yakaukie kivulini, ila kwa sasa yachemshe uwape maji yake yakipoa. Na ongeza mawese kidogo."

"Haya! Asante, mdogo wangu. Nilishaanza kuona akili yako imegoma."

"Na mlonge ni mimi."

Aliacha kufua. Povu lilikuwa linashuka kwenye viwiko vyake.

"Wewe ni nini?"

"Niliyeuvua. Si mbuzi."

Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila kitu ambacho angeweza kusema: hasira, kilio, kunishitaki kwa Mama. Yeye alisema, "Mpaka kile kitawi cha juu?"

"Mpaka kile."

"Na ungeanguka?" Kisha akainamia nguo, akafua kwa nguvu, na hakusema nami tena mpaka siku ya pili. Siku hiyo yote hakupiga mluzi. Nilikuwa nimeuchukia mluzi ule wiki tano nzima, na siku hiyo niliusubiri.

Wiki ya sita Mama aliingia bandani na fimbo yake. Alianzia kwangu. Alimshika mmoja, akambonyeza kifua, akamgeuza akatazama nyuma, akamwachia. Akashika mwingine. Akavuka upande wa dada, akafanya vivyo hivyo. Alipotoka, alijifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Banda ni la dada yako."

Nilitikisa kichwa kukubali. Dada alitazama chini. Nilidhani imekwisha, lakini dada alipoenda kuchota maji, Mama aliniita karibu.

"Siku ile ulipopanda mti nilikuwa dirishani jikoni."

"Mbona hukusema?" niliuliza.

"Nilitaka nione utakaa nayo mpaka lini. Nilipomsikia anakuomba jani jingine nikaanza kuhesabu. Ulikaa siku nne. Ya tano ningesema mwenyewe."

Nikamuuliza swali ambalo mtu mwenye akili zake asingeuliza. "Mama, kama kuku wangu wangekuwa wazuri kuliko wake, ungenipa mimi?"

Aliegemea fimbo akafikiri. "Ungekuwa na kuku wazuri," alisema, "na mti mtupu nyuma ya bafu."

Sasa ni kundi la tatu tangu wakati ule. Banda ni la dada na mimi namchanganyia chakula, maana hilo alinipa mwenyewe. Alisema mapishi yangu mabaya ila maelezo yangu mazuri. Dagaa nanunua mimi. Nikifika Kibirizi namvunja kichwa mmoja, nasugua, nanusa, nagusisha ulimi, na yule muuza dagaa huniambia hata wewe pua imeota. Majani nakausha kwenye ungo, juu ya kabati, upande wangu. Chumba kinanuka na silalamiki. Barua za kazi bado naandika.

Wivu haujaisha. Ningesema umeisha, ningekuwa nadanganya. Jana tu nilikuwa nimeinama kwenye chakula, mawese yamefika viwikoni, Mama akaita kutoka jikoni, "Mwanangu!" Mwili wangu uliinuka wenyewe kama zamani. Dada alikuwa bandani na yeye akainuka. Tulitazamana kupitia wavu. Nikanyoosha mikono yangu mekundu kumwonyesha kwamba siwezi kushika kitu.

"Nenda wewe," nilisema.

Akaenda. Nikamsikia anasema, "Abee Mama," na Mama akaanza kumweleza kitu kwa sauti ya chini, wakacheka. Nilirudi kwenye chakula nikaendelea kuchanganya, lakini nilichanganya polepole, ili nisikie wanacheka nini.